Gari la wazi la matairi matatu: lipi ununue, lipi uliache

Kabla hujauliza injini ina nguvu kiasi gani, chuchumaa nyuma ya gari uliangalie tairi. Liko moja tu. Magari haya ya kujirusha barabarani, yasiyo na paa wala milango, huwekwa matairi mawili mbele na moja nyuma, kinyume cha bajaji. Ukikanyaga breki ukiwa kwenye kona, uzito unakimbilia mbele kwenye miguu miwili, gari linatulia. Bajaji ukiifanyia hivyo inataka kulala ubavu.

Shida iko nyuma. Kwa mengi kati yao, tairi hilo moja ndilo linalosukuma gari zima, kwa hiyo huteleza upesi kwenye maji na huisha mapema. Tena linapita katikati ya njia yako, pale oili na kokoto zinapobaki. Shimo ambalo kwa gari la kawaida ungelipitisha katikati ya matairi, hapa unaliingia.

Nafasi ya kwanza naipa Polaris Slingshot. Lilitoka 2014, na tangu 2020 linatumia injini ya Polaris wenyewe, lita 2, silinda nne. Usukani ni wa mduara, viti viwili viko ubavu kwa ubavu, mikanda ipo. Aliyezoea gari hana mengi ya kujifunza upya. La kawaida lina nguvu farasi 178, la R lina 203. Usilipie R. Hizo 25 za ziada zinakwenda kwenye tairi lile lile moja, na tairi limeshalemewa. Chukua gia za mkono. AutoDrive, ile ya kujibadilisha, kwa ndani ni gia za mkono ambazo mashine inakukanyagia klachi, na kwenye foleni husitasita kama mwanafunzi wa udereva.

Ya pili ni Can-Am Ryker, hii unaikalia kama pikipiki. Injini ni ya Rotax, cc 600 au 900, na gia za kubadilisha hakuna: unavuta mafuta, inakwenda. Usukani na vikanyagio unavisogeza bila spana. Mtu wa pikipiki ndiye atakayepata tabu. Vidole vyake vitautafuta mkono wa breki na kukuta hewa, maana breki za matairi yote matatu ziko kwenye pedali moja ya mguu wa kulia. Na kwenye kona hailali. Wewe ndiye unayevutwa nje. Kwa barabara kuu chukua 900. Mkiwa wawili na safari ni ndefu, tazameni ndugu yake mkubwa, Spyder RT ya cc 1330, yenye nafasi ya mizigo.

Morgan Super 3 ya Uingereza naiweka ya tatu, na nakiri moyo wangu uliitaka iwe ya kwanza. Ilitoka 2022 na injini ya Ford ya lita 1.5, nguvu farasi 118 hivi, uzito kilo 635 bila mafuta na maji. Nyepesi mno. Lakini huundwa kwa mikono, na bei yake haikufichi hilo.

Vanderhall Venice huendeshwa na matairi ya mbele, dawa nzuri ya lile tatizo la nyuma. Nimeishusha hadi ya nne kwa sababu mtengenezaji ni mdogo: uliza vipuri kwanza. Campagna T-Rex ya Canada ni ya anayejua anachokitafuta.

Uliza pia sheria ya unakoishi inakiita nini chombo hiki. Marekani, sheria ya shirikisho inakihesabu kuwa pikipiki, ndiyo maana hakilazimiki kuwa na mifuko ya hewa. Vaa helmeti hata kama hulazimishwi.

Ukinunua kilichotumika, pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Likiwa limelika katikati na kingo bado nzima, huenda aliyekuwa nalo alipenda kulichoma, yaani kulizungusha papo hapo mpaka litoe moshi. Kisha washa tochi uukague mkanda unaozungusha gurudumu: kokoto ikinasa humo hukata meno yake, na kuubadilisha ni kazi ya kufungua nusu ya mkia. Ryker haina mkanda huo, inatumia shafti.