Kukagua faini ya tochi kwenye TMS: rahisi kulipa, rahisi kupitiwa

TMS ni mfumo wa polisi wa Tanzania wa faini za barabarani. Kwa upande wa kulipa, unastahili sifa. Kumjulisha anayedaiwa ndiko unakochechemea.

Ukipigwa tochi (kipima mwendo cha trafiki), askari anaingiza namba ya gari, leseni na kosa kwenye kimashine, kinatema kikaratasi chenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Kipige picha palepale, maana ukikiacha kwenye dashibodi jua la Dar linafuta maandishi. Faini ya kuzidisha mwendo ni shilingi 30,000 kwa gari. Bodaboda na bajaji zilishushiwa hadi 10,000 mwaka 2021. Usipolipa ndani ya siku 7 inaongezeka robo, yaani 30,000 inakuwa 37,500.

Kukagua ni bure. Fungua tms.tpf.go.tz, andika namba ya gari bila nafasi (T123ABC), utaona kosa, mahali, tarehe, faini, nyongeza na kama imelipwa. Kulipa kwa M-Pesa ni *150*00#, kisha malipo ya serikali, kisha namba ya kumbukumbu. Hapa wengi hukosea: kila kosa lina namba yake. Ukiwa na matatu ukalipa moja, mawili yanabaki na nyongeza inaendelea kuyasubiri. Tunza meseji ya malipo mpaka uone kwenye mfumo kwamba deni limefutika.

Tatizo kubwa ni kwamba deni linaiganda namba ya gari. Bosi wa daladala anapokea hesabu yake kila jioni, wala hajui kama dereva alikunja kikaratasi akakitia mfukoni. Mwenye gari ambaye hakuwa kwenye usukani anaweza asijue lolote mpaka gari isimamishwe na askari mwingine. Dawa ni kuweka siku moja ya wiki ya kukagua. Siku 7 haziruhusu uzembe zaidi ya huo. Ukinunua gari ya mkononi Magomeni au Kinondoni, ingiza namba yake kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Muuzaji akisema "hilo dogo, nitalilipa kesho", likate kwenye bei hapohapo.

Soma pia safu ya mahali. Kama inasema Chalinze na gari ilikuwa imeegeshwa Mbezi, usilipe ili yaishe. Nenda trafiki na kadi ya gari, huenda namba iliandikwa vibaya au kuna aliyeibandika kwenye gari yake.

Kuhusu kosa lenyewe: kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mpaka ukutane na kibao cha 50 kilichopigwa mistari. Wengi hukanyaga mafuta mara nyumba zinapoisha, na tochi hukaa hapohapo katikati. Mabasi, na malori ya zaidi ya kilo 3,500, mwisho ni 80 hata barabara ikiwa nyeupe. Ukiona umeonewa, sheria inakuruhusu kukataa kosa na kwenda mahakamani, ila useme hivyo kabla ya kukubali kuandikiwa faini.