Siku nne Kapadokia: puto hatukupanda, mwamba tuliugonga

Niseme mapema, ili anayesoma kwa ajili ya yale maputo ya hewa moto yanayopandisha watalii Kapadokia, kule Uturuki, asipoteze muda wake: hatukupanda. Asubuhi tatu mfululizo tuliamka kabla ya adhana, tukavaa kila nguo tuliyokuwa nayo, na asubuhi zote tatu simu ikalia kutuambia upepo umekataa. Kule rubani haamui peke yake. Mamlaka ya anga ndiyo inayotoa ruhusa kila alfajiri, na ikisema hapana, bonde zima halinyanyuki puto hata moja. Pesa zetu zilirudi zote kwenye kadi bila ya kusumbuana. Mwezi wa pili ndivyo ulivyo huko. Tuliuchagua kwa kuwa vyumba ni rahisi na tulitaka turudi nyumbani kabla ya Ramadhani, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na miwili ya ndoa na tulikuwa hatujawahi kulala hotelini pamoja, ukitoa usiku mmoja Dar tulipokosa boti. Yeye ni mwashi. Kazi yake ni nyumba za Mji Mkongwe: kubandua saruji waliyopaka watu wasiojua, kisha kurudisha chokaa ili ukuta upumue. Mtu kama huyo ukimwambia habari za Paris anakutazama tu. Nilipomwonyesha picha za nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba huko Uturuki aliuliza neno moja, "Jiwe gani hilo?" Nikajua nimempata.

Tuliondoka Unguja usiku, joto la kaskazi limetukaba, tukaenda Istanbul, halafu ndege nyengine ya saa moja na kitu hadi Kayseri, na gari saa moja nyengine hadi Göreme, mji mdogo tuliofikia. Saa hubadilishi, wao na sisi wakati wetu ni mmoja. Baridi ndiyo inayokupokea. Nilipotoka mlangoni pua iliniwasha kama niliyevuta pilipili manga. Mbele yetu Mlima Erciyes, mita 3,900 na ushei, mweupe mpaka kiunoni.

Mlima huo na wenzake ndio waliotapika majivu mamilioni ya miaka iliyopita. Majivu yalitanda eneo lote lile, yakashikana, yakawa jiwe laini, na juu yake pahala pengine kukabaki tabaka la jiwe gumu. Mvua na upepo vikala lile laini. Lile gumu likakaa juu kama kofia ya kiua. Ndiyo minara unayoiona kwenye picha. Waturuki wanaiita peri bacaları, na mimi ningesema dohani za majini. Nenda Paşabağ ukaione, kuna shina moja lina vichwa vitatu. Tulikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi.

Sasa hoteli, na hapa nasimulia kwa kirefu kwa sababu ndipo patakapokugharimu. Tulilipia "chumba cha pango". Tukafika: taa za njano, mazulia, kitanda cha kifalme. Mimi nikatoa simu nipige picha. Mwenzangu hakukaa. Alipitisha kiganja ukutani, kisha akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole. Upande wa mlango, du, zito. Akasogea nyuma ya kitanda: ko, ko, ko.

"Bibie," akaniambia, "pango hili limejengwa kwa matofali."

Kweli. Ukuta wa nyuma na wa ubavuni ulikuwa matofali matupu, umepigwa lipu yenye rangi ya mwamba, na mtu mwenye mkono mzuri amechora alama za sululu. Mume wangu aliisifu ile lipu kwanza, halafu ndiyo akateremka mapokezi. Kijana alikataa. Akaombwa apande, akagongewa mbele ya masikio yake, basi hakubisha tena. Tulihamishiwa juu zaidi, ngazi za kutosha, chumba kidogo chenye dirisha la kiasi cha sinia, lakini mwamba mtupu pande zote. Hoteli siitaji, maana nimesikia mchezo huo si wa mmoja. Uliza kabla hujalipa: ni ukuta gani uliochongwa na upi umejengwa?

Na pango la kweli nalo lina yake. Kila asubuhi shuka inakuwa na unga mwembamba, jiwe linajipukuta. Mtandao hauingii mpaka usimame mlangoni. Soksi nilizofua siku ya kwanza niliziweka begini mbichi. Lakini usiku ule wa kwanza nje upepo unalia na ndani husikii hata kunong'ona kwake, na mume wangu anakwaruza ukuta kwa kucha taratibu, unga unamwagika. Tulimuuliza mzee mmoja wa pale, akasema jiwe hilo likichimbwa ni laini, likishapata hewa linakuwa gumu. "Basi ni tumbawe hilo!" akaruka mume wangu. Akanieleza, na mimi nikamwacha aeleze ingawa nimeshayasikia mara mia, namna wazee wetu walivyokuwa wakilitoa tumbawe baharini na kulichonga likiwa bichi, na ndivyo ilivyopatikana ile kazi ya mihrabu ya Kizimkazi Dimbani, yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Miaka kumi na miwili, na sijamwona akiongea usiku kucha kama hivyo.

Makumbusho ya wazi ya Göreme, yenye makanisa ya zamani yaliyochongwa ndani ya mwamba, usiyakose. Kanisa la Giza lina tikiti yake mbali, lipa. Picha za ukutani rangi zake bado kali, kwa sababu mwanga unaoingia ni wa kidirisha kimoja kidogo tu.

Derinkuyu ni mji chini ya ardhi, kina chake kinatajwa kuwa kama mita 85, ingawa wageni hawafikishwi kote. Mwaka 1963 mtu alikuwa anatengeneza nyumba yake, akabomoa ukuta, akakuta njia. Unapita umeinama, mmoja mmoja. Mawe ya duara kama ya kusagia, makubwa, yanabiringishwa kufunga njia kutoka ndani. Wakristo wa zamani walijificha humo, na waliokuwa wakiwakimbia ni majeshi ya Waarabu. Mwongozaji alilisema hilo huku akitazama mtandio wangu, kisha akaona haya. Mimi nilikuwa nimeshughulika na Ayatul Kursi. Anayeogopa pahala pembamba, au mwenye goti bovu, asishuke.

Lakini ukiniuliza pahala gani napakumbuka zaidi nitakwambia Ortahisar, ambako watalii wengi wanapita tu. Kule wamechimba maghala ndani ya mwamba na wanaweka malimau yanayoletwa kutoka pwani ya Mediterania. Tulifunguliwa mlango wa bati, baridi tulivu ikatoka pamoja na harufu ya malimau elfu na elfu, makreti mpaka kwenye giza. Hakuna mashine inayovuma, jiwe lenyewe ndilo friji. Mwenye ghala akatupa mawili mfukoni.

Chakula halali hukitafuti, kimekuzunguka. Ila pilipili sahau, na wali wao hauna nazi. Kuna nyama inayopikwa ndani ya chungu kilichozibwa, na wanakupa nyundo ukivunje mezani. Mimi nilishindwa. Kupasua chungu kizima kwa makusudi, mamangu angeniuliza nimerogwa? Akapiga mume wangu.

Nitarudi? Mwezi wa tano, inshallah, na siku mbili zaidi. Nyota moja ninaikata kwa ajili ya yale matofali. Mabuti ya theluji tuliyonunua Kayseri, namba 38 na 44, yako juu ya kabati na hapa Unguja hayana kazi. Jirani anayepanga safari aje ayachukue.