Gadi ya nikeli au nyeusi? Uzoefu wangu na Boxer kando ya bahari

Gadi ya kwanza ya pikipiki yangu ya Boxer, yale mabomba ya chuma yanayokinga injini ukianguka, nilinunua kwa macho. Muuzaji pale Kariakoo aliweka mbili juu ya kaunta, moja inang'aa mpaka unajiona meno, nyingine nyeusi tii kama sufuria ya shughuli. Tofauti ya bei shilingi 5,000. Nikasema nipe ya nikeli.

Nilisahau naishi wapi. Mimi ni mtu wa Kigamboni, navuka na pantoni asubuhi na jioni, na upepo wa pale Magogoni una chumvi ya kulamba mdomoni. Mwezi wa nne tangu niifunge nikaona vidoa vya kahawia kwenye maungio, pale palipochomelewa. Nafuta, vinarudi. Fundi wangu akacheka. Tunachokiita nikeli, akasema, ni nikeli chini na kromu juu, na hiyo kromu haifiki hata maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ikipata tundu dogo, maji ya chumvi yanapenya na chuma kinaliwa kwa ndani huku juu bado kunametameta. Akakwangua kwa ukucha, ikanyanyuka kama ganda la kitunguu.

Kutu ikiwa changa, chukua ile foili ya kufungia chipsi, ikunje, ichovye majini, sugua taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikwaruzi. Stilwaya usiguse kabisa. Kwangu ilisaidia wiki mbili tatu, basi.

Ya pili nikachukua nyeusi, sasa ina miezi 11. Imechubuka, tena sana, maana niliilaza pikipiki kwenye kokoto njia ya Kibada. Nikapiga msasa, nikapuliza rangi ya kopo, saa moja kazi imekwisha. Nikeli ikichubuka hivyo, nyumbani huna la kufanya.

Ekzosi, bomba la moshi, ni habari nyingine. Nilijifanya mjanja nikaipulizia rangi ileile ya gadi. Sijafika Mjimwema, moshi na harufu vikanisimamisha, nikidhani injini inaungua. Kesho yake rangi imetoa malengelenge. Pale panataka rangi ya kuhimili joto, na hata hiyo uiache ikauke kwanza, halafu uwashe injini kwa vipindi vifupi ipate kukomaa kabla ya safari ndefu. Nikeli nayo haiponi: shingo ya bomba karibu na injini inageuka njano, kisha bluu.

Usukani niliuacha wa nikeli. Saa saba mchana jua linaupiga katikati na kunirudi machoni; nitaubadilisha nikipata hela.

Shemeji yangu wa Dodoma, mbali na bahari, tulinunua gadi ya nikeli siku ileile, duka lilelile. Ya kwake mpaka leo haina doa. Kila akija Dar anaiangalia Boxer yangu, gadi nyeusi, saitimira (vioo vya pembeni) nyeusi, ananiuliza msiba ni wa nani.