Mkufunzi wa kwanza alinijenga kifua, mimi nilitaka miguu

Mimi hukimbia nusu marathoni, zile kilomita 21.1. Si wa medali, ila kuna muda wangu ninaousaka.

Mkufunzi wangu wa kwanza wa kunyanyua vyuma wala hakuwa mvivu. Alifika kwa wakati, hakugusa simu, na cheti kilikuwa ukutani. Siku ya kwanza alinipima kifua, mkono na kiuno. Hakuniuliza hata mara moja nakimbia kilomita ngapi kwa wiki. Hapo ningeshtuka, sikushtuka. Ijumaa ikawa siku ya miguu, seti juu ya seti, hadi ngazi nazishuka kinyumenyume. Jumamosi ndiyo siku yangu ya mbio ndefu! Baada ya miezi mitatu mashati yalinibana, muda wangu wa kilomita 10 ukarudi nyuma karibu dakika mbili, na kano ya kisigino cha kushoto ikaanza kuniuma kila asubuhi. Nilipomwambia, akacheka: vumilia, ndiyo mwili unajengeka. Nikamwaga.

Wa pili aliwahi kukimbia mita 800. Swali lake la kwanza lilikuwa mashindano yangu ni lini, la pili niliwahi kuumia wapi. Akalisoma daftari langu la mazoezi, akageuza viatu vyangu kutazama soli zimelika upande gani. Kisha akanisimamisha kwa mguu mmoja, ninyanyue kisigino na kushusha, polepole. Wa kulia ulifika 24. Wa kushoto ulianza kutetemeka kwenye 9, kwenye 11 ukagoma. "Unaona kwa nini hicho kisigino kinakulilia?"

Nilidhani atanikataza vyuma. Wapi! Aliongeza uzito, akapunguza idadi: narudia mara tano tu, napumzika dakika tatu, naendelea. Nguvu inakuja bila mwili kuvimba. Na vyuma akavihamishia siku ileile ya mbio za kasi, jioni, ili siku nyepesi ibaki nyepesi kweli, ya kukimbia huku unapiga soga. Kumbe kosa halikuwa vyuma, ni kwamba yule wa kwanza alivipanga kana kwamba mbio hazipo.

Kasoro anazo. Ratiba ya wiki huituma Jumapili usiku wa manane, na ujumbe hujibu akipenda.

Ukitaka mwili wa kupendeza tu, yule wa kwanza atakufaa sana, sina kinyongo naye. Lakini ukiwa na mchezo wako, kuogelea, tenisi, ndondi, kabla hujalipa muulize swali moja: wiki ya mashindano utanipunguzia mazoezi gani? Anayeujua mchezo atakujibu papo hapo. Asiyeujua ataanza kukuonyesha picha za wateja wake kabla na baada.

Mguu wa kushoto sasa unafika 21. Muda wangu bado sijaupata. Nina wiki tano.