Duka la Kipepeo, Gede: Asali Inayoulinda Msitu wa Arabuko-Sokoke

Mradi wa Kipepeo, ulio katika eneo la magofu ya Gede, kilomita kama 15 kutoka Malindi, una nyumba ya vipepeo na duka la asali, na kwa maoni yangu asali ndiyo inayostahili kutajwa kwanza. Ni nzito, ina harufu ya maua ya porini, na hurinwa na familia zinazopakana na Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420.

Mradi ulianza mwaka 1993, wakati majirani wengi wa msitu, waliochoka kuona ndovu wakiyamaliza mahindi yao, walitaka ardhi hiyo igawanywe mashamba. Hawakuhubiriwa, walipewa soko. Mkulima hunasa vipepeo wachache msituni, huwaweka ndani ya wavu hadi watage, huwalisha viwavi majani ya mimea waliyoizoea, kisha viwavi wakishakuwa pupa, yaani wakijifunga ndani ya ganda kabla ya kugeuka vipepeo, huzipeleka Gede, ambako hupakiwa na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Msitu ukifyekwa, mkulima hana pa kupata vipepeo wa mbegu, na pato lake limekwisha. Kwa njia hiyo hata sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na yule bundi mdogo wa Sokoke, ambao hawana mnunuzi, hupata kinga kupitia wadudu, na huo ndio ubora wa mpango huu ninaouheshimu kuliko wote.

Hata hivyo, pupa haina ghala: baada ya siku chache kipepeo hutoka, awe amefika au hajafika. Safari za ndege za abiria ziliposimamishwa nchini mwaka 2020, ilidhihirika jinsi biashara yoyote inayotegemea ndege na wageni ilivyo dhaifu. Asali hungoja, na wanunuzi wake wa karibu ni sisi wakazi wa Malindi na Watamu, ambao mara nyingi tunanunua barabarani chupa isiyojulikana ilikotoka. Ningependa mikahawa yetu nayo iagize hapa.

Nyumba ya vipepeo itembelewe asubuhi jua likiwa limekolea, kwani kukiwa na mawingu vipepeo hutulia tu majanini. Anayefuatana na watoto aombe waonyeshwe pupa zilizoning'inizwa pamoja na mimea ya viwavi.