Nyota nne kwa VPC Peering ya AWS, pamoja na kisa cha seva ya tatu

Natumia VPC Peering ya AWS (huduma za wingu za Amazon) mwaka mzima sasa, yaani kiungo cha kuunganisha mitandao miwili ya faragha, VPC, na naipa nyota nne kati ya tano. Inafanya kazi yake kimyakimya na bili yake haijawahi kunishtua. Ila mwanzo wake ulitutoa jasho. Zilipita siku mbili kabla seva zetu tatu hazijaanza kuongea na kanzidata, na muda mwingi tuliutumia kutafuta tatizo mahali ambapo halikuwepo. Namwandikia yeyote aliyekaa mbele ya skrini inayosema kiungo kiko "active" huku hakuna kinachopita.

Sisi tuko Dar es Salaam, na seva zetu ziko kwenye kanda ya Cape Town, af-south-1, iliyofunguliwa 2020. Timu yangu ina mtandao wake wenye safu ya anwani 10.20.0.0/16 na seva tatu. Wenzetu wa takwimu wana wa kwao, 172.17.0.0/16, uliojengwa zamani kabla sijaajiriwa, na ndani yake kuna kanzidata ya PostgreSQL. Tulitaka seva zetu zisome kanzidata hiyo bila kupitia intaneti ya wazi.

Kuunda kiungo chenyewe ni dakika chache. Upande mmoja unatuma ombi, wa pili unalikubali, na lisipokubaliwa ndani ya siku 7 muda wake unaisha. Sharti lisilo na mjadala ni kwamba safu za anwani za pande mbili zisiingiliane hata kidogo. Ndiyo maana VPC mbili za zile AWS inazokuundia yenyewe haziunganishiki: zote ni 172.31.0.0/16. Za kwetu hazikuingiliana, ombi likakubaliwa, "active" ikatokea, tukashukuru Mungu.

Hiyo "active" maana yake ni kwamba pande mbili zimekubaliana, basi. Njia bado unaziandika mwenyewe kwenye jedwali la njia (route table), na lazima ziandikwe pande zote mbili, la sivyo pakiti, yaani kifurushi cha data, itafika na jibu litakosa pa kupita. Dada wa timu ya takwimu tuliyekuwa naye kwenye simu ndiye aliyenishtua.

"Dada, kwako njia ya kurudi ipo?"

"Ipo kaka, 10.20.0.0/16 inaelekea kwenye kiungo. Wewe ya kwako umeiandika kwenye jedwali gani?"

"Jedwali kuu."

"Na sabneti za seva zako, vile vipande vya mtandao zinamokaa, zinatumia hilo jedwali kuu kweli?"

Zilikuwa na jedwali lao. Nikaiandika njia panapostahili, tukajaribu tena, kimya vilevile.

Hapa niweke neno kuhusu ping. Watu wengi wanapima kwa ping, ikikataa wanasema mtandao umekufa. Ping inatumia ICMP, na ICMP inahitaji ruhusa yake kwenye kundi la usalama (security group) la seva unayoipigia, yaani orodha ya nani anaruhusiwa kuingia. Unaweza kuwa na kiungo kizima kabisa na ping isijibu. Pima poti unayoihitaji: mimi natumia amri ya nc -vz ikifuatiwa na anwani na 5432, poti ya PostgreSQL. Kisha soma kosa lenyewe neno kwa neno. Seva zangu mbili za kwanza zilikaa muda mrefu zikarudisha "Connection timed out". Ya tatu ilirudisha "No route to host" baada ya kama sekunde tatu. Tofauti hiyo niliiona siku ya kwanza nikaipita, nikidhani ni namna mbili za kusema jambo moja. Laiti ningesimama hapo, tungeokoa siku nzima.

Kilichotusogeza mbele ni VPC Flow Logs, kumbukumbu za AWS za mawasiliano yanayoingia na kutoka. Ukiziwasha, weka muda wa kukusanya uwe dakika 1, maana wa kawaida ni dakika 10 na ukiwa unahangaika ni mrefu sana. Chagua tangu mwanzo, kwa sababu kumbukumbu ikishaundwa mipangilio yake haibadilishwi. Unafuta unaunda nyingine. Tuliziwasha kwenye kadi ya mtandao ya seva yangu ya kwanza na ya kanzidata. Upande wangu mstari ulikuwa na ACCEPT, yaani imeruhusiwa. Upande wa kanzidata, mstari wa pakiti zilezile ulisomeka hivi sehemu ya katikati na mwisho: 10.20.3.11 172.17.4.25 41822 5432 6 4 240, kisha REJECT, yaani imekataliwa.

Ule mstari una habari nyingi kuliko unavyodhani. 6 ni namba ya TCP. 4 ni pakiti, 240 ni baiti, yaani baiti 60 kwa kila pakiti, ukubwa wa kawaida wa ile pakiti ya kwanza ya kuomba mawasiliano kwenye Linux. Kwa hiyo seva yangu ilibisha hodi mara nne na hakuna aliyeitikia. Muhimu zaidi, REJECT imeandikwa upande wa pili. Pakiti imevuka kiungo, imefika mlangoni kwa mwenzangu, na imezuiwa pale. Njia ni nzima, tuache kuzipekua. Dada akafungua kundi la usalama la kanzidata, na kweli, poti 5432 ilikuwa imeruhusiwa kwa 172.17.0.0/16 peke yake. Tukaongeza ruhusa kwa kutaja kundi la usalama la seva zetu badala ya anwani, jambo linalowezekana pande zote mbili zikiwa kanda moja. Seva mbili zikaunganika papo hapo.

Kama kwenu mstari unaoingia unasema ACCEPT na unaotoka unasema REJECT, usiguse kundi la usalama. Hilo linakumbuka mawasiliano na huruhusu jibu lenyewe. Angalia ile orodha ya ruhusa ya sabneti, yaani network ACL, ambayo haikumbuki kitu: lazima umeruhusu pia poti za kurudia jibu, 1024 hadi 65535.

Ikabaki seva ya tatu. Sabneti moja na wenzake, jedwali moja la njia, kundi moja la usalama. Nikaendesha Reachability Analyzer, chombo cha AWS cha kukagua kama seva moja inaweza kuifikia nyingine, ambayo ni dola 0.10 kwa kila uchambuzi, na jibu likaja safi: inafikika, hatua kwa hatua hadi kwenye kanzidata. Niliendesha mara tatu nikidhani nimekosea anwani. Chombo kile hakitumi pakiti hata moja. Kinasoma mipangilio ya AWS na kukuambia mipangilio inaruhusu nini, na kwa hilo kilikuwa sahihi kabisa. Kinachoendelea ndani ya mfumo wa Linux wa seva yako hakikioni.

Nikafungua Flow Logs za seva ile. Hakukuwa na mstari wowote wa kwenda 172.17.4.25, wala ACCEPT wala REJECT. Hapo ndipo akili ilipokaa sawa: pakiti hazizuiwi popote, hazitoki nje ya seva kabisa. Nikaandika ip route get 172.17.4.25, amri ya kuiuliza Linux itapitia wapi, na jibu likawa:

172.17.4.25 dev docker0 src 172.17.0.1

Seva ya tatu ndiyo pekee iliyokuwa na Docker, chombo cha kuendesha programu ndani ya kontena, kwa ajili ya programu yetu ya ripoti. Docker isipoelekezwa vingine inaunda daraja lake la ndani, docker0, na safu yake ya kawaida ni 172.17.0.0/16, ileile ya mtandao wa takwimu. Linux inapotakiwa kupeleka kitu 172.17.4.25 inaona hiyo ni anwani ya humu humu nyumbani. Inauliza kwenye daraja, nani mwenye anwani hii? Hakuna kontena linalojibu, na baada ya sekunde chache inarudisha "No route to host". Ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Kubadili safu ya VPC haikuwezekana, kwa kuwa safu kuu ikishawekwa haibadiliki. Ingebidi kujenga mtandao mwingine na kuhamisha kila kitu. Tukabadili Docker. Kwenye /etc/docker/daemon.json niliweka "bip", yaani anwani ya daraja la docker0, kuwa 192.168.200.1/24, nikaweka pia "default-address-pools", maana mitandao mingine ambayo Docker huiunda baadaye kwa Compose huanzia 172.18 na kupanda. Ile iliyokwisha kuundwa haihami yenyewe, unaifuta na kuiunda upya. Kuwasha Docker upya kunaangusha kontena, kwa hiyo tulisubiri saa nne usiku, wateja wamepungua. Nyaraka za AWS zenyewe zinashauri usichague 172.17.0.0/16 unapounda VPC, kwa kuwa baadhi ya huduma zake zinatumia safu hiyo. Ningependa kila anayejenga mtandao mpya auone ushauri huo kabla hajaandika namba ya kwanza.

Kuhusu bei sina malalamiko. Kiungo chenyewe hakilipiwi, na tangu 2021 data inayopita kwenye kiungo ndani ya eneo moja la kanda (Availability Zone) ni bure; ukivuka eneo unalipa kwa gigabaiti. Tuliihamishia seva moja kwenye eneo la kanzidata kwa sababu hiyo tu.

Nyota moja naikata kwa sababu kiungo hakipitishi mtu wa tatu. Wenzetu wa ofisini wanaingia kwenye mtandao wetu kwa VPN ya Site-to-Site, inayounganisha ofisi nzima na AWS, wakaomba waione kanzidata kupitia kiungo hikihiki. Haiwezekani, na hakuna njia utakayoiandika ikakubali: anayepitia VPN hiyo anaishia kwetu. Vilevile mitandao A na C ikiungana na B, hiyo peke yake haifanyi A na C zionane. Mitandao 10 ikitaka kuonana yote ni viungo 45, kila kimoja na njia zake pande mbili, na hapo ningeshauri Transit Gateway, kituo kimoja ambacho mitandao yote huungwa nacho, ingawa hiyo inalipiwa kwa saa kwa kila mtandao unaoungwa, na kwa data pia. Kwa mitandao miwili au mitatu kama sisi, baki na VPC Peering.

Usiku ule Docker ilipowaka upya niliandika amri ileile kabla hata sijajaribu kanzidata. Nikampigia dada, nikamsomea jibu:

172.17.4.25 via 10.20.3.1 dev ens5 src 10.20.3.14

"Kaka, sasa imetoka nje," akasema. "Jaribu 5432."