Mfumo wa Orion: mashindano ya kitaifa kila timu ikiwa kwao

Wazazi wengi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi Marekani tumeufahamu mchezo wa kulenga shabaha kupitia JROTC, yaani mpango wa mafunzo ya ukakamavu wa kijeshi katika shule za sekondari, pale mtoto anapotuarifu kwamba timu yake itashindana na shule iliyo jimbo la mbali na hakuna basi litakalokodiwa. Mechi za aina hiyo huchezwa kwa mbali: kila timu hupiga katika uwanja wake, na alama za wote hukutanishwa mtandaoni. Orion ni miongoni mwa mifumo inayotumika sana kwa kazi hiyo, nami nimeutumia nikiwa mzazi wa kujitolea katika timu ya bunduki za hewa, ambako jukumu langu ni kompyuta na wala si bunduki.

Kushindana kwa mbali si jambo la jana. Kombe la Dewar, lililotolewa na Sir Thomas Dewar mwaka 1909, limekuwa likigombewa na timu za mataifa ambazo kila moja hupiga nchini mwake mbele ya mashahidi, kisha matokeo yakalinganishwa. Shirika la CMP, linalosimamia mashindano mengi ya vijana nchini Marekani, nalo limekuwa na mechi za posta ambapo shule hutumiwa shabaha za karatasi, huzipiga, kisha huzirudisha zikahesabiwe. Utaratibu huo ni wa haki, lakini hauna haraka. Mtoto anaweza kusahau jinsi alivyopiga kabla hajajua amepata ngapi. Orion imeondoa ngoja ngoja hiyo.

Ili kuuthamini mfumo huu, inafaa kuitazama shabaha yenyewe kwa karibu. Katika bunduki ya hewa ya mita 10, doa la kati lenye thamani ya kumi lina kipenyo cha nusu milimita tu, ilhali risasi ina kipenyo cha milimita 4.5. Risasi ikiligusa doa hilo kwa ukingo wake, mpigaji amepata kumi. Alama zinapohesabiwa kwa desimali, kumi hiyo hugawanywa tena kuanzia 10.0 hadi 10.9, na kila sehemu ya kumi ya alama ni sawa na robo milimita. Jicho la binadamu, hata likiwa na lenzi ya kukuzia, haliwezi kutofautisha 10.3 na 10.4 kwenye karatasi. Kwa mkono, tundu lenye utata hupimwa kwa geji inayochomekwa ndani yake, na ikishachomekwa, tundu limetanuka na halipimiki tena kwa uhakika.

Orion hufanya kazi hiyo kwa skana. Karatasi yenye msimbo unaomtambulisha mpigaji hupitishwa kwenye mashine, programu hutafuta kingo za kila tundu, hukokotoa kitovu chake, hupima umbali wake kutoka katikati ya shabaha, kisha hutoa alama. Katika hili sina lawama. Hata hivyo, ubora wa jibu hutegemea ubora wa karatasi. Karatasi ya shabaha iliyo bora hukatwa na risasi tundu la mviringo safi, lakini karatasi hafifu huchanika, kingo zake zikachanua, na hapo mashine hulazimika kukisia. Timu inayotaka kubana matumizi ibane penginepo. Vilevile vumbi la karatasi hujikusanya kwenye kioo cha skana na kuacha mstari juu ya picha, kwa hiyo kitambaa laini kiwe karibu wakati wote.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni pale ambapo mashine inamwachia mtu. Mtoto anaweza kupiga risasi mbili katika shabaha moja na kuiacha nyingine tupu, au matundu mawili yakaingiliana, na mwendeshaji ndiye anayeitazama picha kwenye skrini na kuamua. Mwendeshaji huyo, katika timu nyingi, ni mzazi au mwalimu wa timu hiyo hiyo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wala si lazima awe mtu mbaya. Inatosha awe anampenda mtoto anayehesabiwa. Kinga ninayoiona ni kuwa na watu wawili mbele ya skrini, mmoja wao asiwe na mtoto katika timu, na kuzitunza karatasi zilizopigwa hadi muda wa rufaa upite. Hilo la karatasi ndilo linalonifanya niuamini utaratibu huu kuliko ule wa kila klabu kuandika tu namba kwenye fomu ya mtandaoni, kwa sababu namba ikitiliwa shaka, kitu cha kushika na kupima upya bado kipo.

Kuna mambo ambayo skana haiwezi kuyaona kabisa. Haijui kama mstari wa kupigia uko mita 10 kamili kutoka kwenye shabaha au umesogezwa mbele kidogo, haijui kama muda uliheshimiwa, wala haijui kama aliyepiga goti alikaa mkao unaoruhusiwa na kanuni. Hayo yanahitaji mwamuzi mwenye macho na ujasiri wa kumwambia kocha hapana. Waandaaji nao wana sehemu yao. Mechi moja tuliyoshiriki ilitangazwa kufungwa saa sita usiku bila kutaja ni saa za wapi, na timu za pwani ya Pasifiki zikajikuta na saa tatu zaidi kuliko sisi wa mashariki. Programu haikuwa na kosa hapo.

Kwa hiyo nauona mfumo huu kuwa bora kwa ligi na kwa mchujo, hasa kwa shule ndogo zisizo na fedha za hoteli na mafuta, ambazo bila mechi za mbali zingebaki kushindana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2020, Mashindano ya Taifa ya Camp Perry, Ohio, yalipofutwa kwa sababu ya korona, kila aliyependa mchezo huu aliona thamani ya kuweza kushindana bila kukusanyika. Lakini cheo cha bingwa wa taifa nisingekitoa kwa alama zilizotumwa kutoka mbali. Mpigaji anayepata 10.5 mfululizo katika ukumbi wa shule yake, kocha wake akiwa nyuma yake, hajajaribiwa bado kama yule anayesimama Camp Perry katika kituo chenye jina la Gary Anderson, bingwa wa Olimpiki wa 1964 na 1968, huku mgeni wa kushoto kwake akipiga kumi baada ya kumi na shabaha ya elektroniki ikionyesha kila alama papo hapo.

Mzazi atakayeombwa kusaidia kwenye kompyuta akubali, lakini apitishe kwanza karatasi za mazoezi kwenye skana siku kadhaa kabla ya mechi, na amwombe mwandaaji atamke kwa maandishi saa ya mwisho pamoja na ukanda wake wa saa.